Mwindaji Tuliyemsubiri Mpanda

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa msichana aliyemaliza kidato cha nne, na kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya redio ya mawasiliano katika ofisi ya kampuni ya uwindaji pale Mpanda. Makao makuu ya Arusha wakiita, naitikia. Wakisema jambo, nampelekea meneja. Dirisha langu lilitazama barabara ya Sitalike, na kila gari la kampuni lilipoondoka kwenda porini nilisimama kulitazama mpaka vumbi litulie.

Niliwahi kumwomba meneja aniruhusu kwenda walau kuiona kambi. Alinijibu bila kuinua uso, "Porini si mahali pa msichana. Kaa na redio yako."

Mwaka huo Arusha walitutangazia mgeni kutoka Ulaya. Anataka mbogo dume mzee, walisema, na anakuja na mwenzi wake. Basi tukaanza kupanga. Mgeni akaahirisha safari, kisha akairudisha, kisha akauliza kama maji ya kambini yanachemshwa na kama kitanda kinaweza kuwa kigumu kwa sababu ya mgongo. Vyakula vyake vilikuwa kwenye behewa lililokwama Kaliua, na meneja alinituma stesheni asubuhi na jioni kuulizia treni. Nilikuwa silali vizuri. Sikujua kwa nini safari ya mtu nisiyemfahamu ilinikosesha raha kiasi hicho.

Mzee wetu wa kufuata nyayo, Mbende mmoja mkimya, alikuja ofisini akaegemea mlango.

"Mwanangu, waulize hao kama mgeni ana miguu."

Nikauliza. Arusha wakacheka. "Mwambie anatembea kuliko yeye. Ova."

Kila mtu akamjenga mgeni kichwani mwake. Meneja aliagiza kiti kipana cha kukalia kando ya moto, akanunua kreti za bia. Dereva alisema lazima awe na ndevu. Nyumbani, baba yangu, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake, alisikiliza habari hizo akatikisa kichwa. "Anatoka kote huko kuja kumtafuta mbogo? Sisi tunamkwepa."

Siku ya ndege ndogo kutua, meneja alinichukua uwanjani nisaidie kutafsiri, maana Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha. Akashuka mzungu mrefu mwenye kofia. Meneja akamkimbilia, akampa mkono, akamkabidhi mkoba wa bunduki ulioshushwa kwenye ndege. Yule bwana akatabasamu, akageuka, akampa mkewe aliyekuwa anashuka nyuma yake: mama wa makamo, mwembamba, nywele zimeanza mvi.

"Mwindaji ni huyu," akasema. "Mimi nimekuja kusoma vitabu."

Nikatafsiri. Mzee wa nyayo, aliyekuja nasi uwanjani, akanisogelea. "Ulijua?"

"Sikujua, mzee. Redio ilisema mgeni. Haikusema mwanamume wala mwanamke."

Meneja, jasho likimtoka, akaamua papo hapo kwamba mama yule hawezi kukaa kambini na wanaume tu. Akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona. "Utakwenda nao."

Nikaenda. Lakini hata huko niliambiwa nikae kwenye mahema. Wao wanatoka alfajiri, mimi nabaki nazunguka jiko, nakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Jioni moja yule mama aliniona nikienda na kurudi kando ya moto.

"Wewe hukai," akasema.

"Nimekaa sana," nikamjibu.

"Basi kesho twende."

Tulitembea mpaka miguu ikawaka. Mzee alitangulia, mama akafuata, kisha mwindaji bingwa wa kampuni anayeongoza wageni na askari wa wanyamapori, mimi nyuma kabisa. Mara ya kwanza upepo uligeuka na mbogo wakaondoka kwa kishindo. Safari ya pili tulimkuta dume mzee peke yake kwenye matope, pembe zimechakaa ncha. Mama akapiga magoti. Alingoja mno, mpaka nikahisi moyo wangu utasikika. Kisha akapiga. Mbogo alikimbia kidogo, akaanguka, akatoa mlio mrefu wa huzuni, akanyamaza.

Nilidhani angefurahi. Aliketi chini, bunduki magotini, mpaka mzee alipomletea maji. Mimi pia sikufurahi, ila sikutamani kuwa mahali pengine popote.

"Wewe unataka nini?" aliniuliza tukiwa njiani kurudi.

"Sijui. Lakini si kukaa dirishani."

Waliondoka, nikarudi Mpanda. Nilijaribu kukaa. Msimu uliofuata niliomba kazi ya stoo kambini, meneja akakataa. Niliomba tena mpaka akachoka, akasema niende nikashindwe mwenyewe.

Mzee wa nyayo alinikuta naweka mizigo kwenye lori. Hakunipongeza. Alinitazama miguuni tu.

"Tafuta buti, mwanangu. Hivyo viatu vya kanisani havitafika hata mto wa kwanza."