Mkono Mmoja Haubandiki Mfuko

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku moja ambayo babangu alisukuma kando sinia la pilau akasema ameshiba, ilhali tumbo lake lilikuwa limeshikana na mgongo. Keti nikueleze, maana nasikia na wewe sasa unamhudumia mgonjwa nyumbani, na mikono yako nimeiona ina haraka.

Babangu, Guyo, alikuwa dalali wa mifugo, mtu wa Garbatulla aliyehamia hapa Wabera kufuata soko. Mkono wake wa kulia ulijulikana mji mzima, kwa kuwa bei ya ng'ombe ikikubaliwa lazima watu washikane mikono. Basi akaugua utumbo, akapasuliwa, na madaktari wakamtolea njia ya choo tumboni. Juu ya njia ile wakabandika mfuko wa kupokea. Muuguzi alimfundisha taratibu: anawe mikono yote miwili kwa sabuni, kabla na baada, kisha mkono mmoja uikandamize ngozi na mwingine ubandue.

"Sista," babangu akamwambia, "hii mkono ya kulia ni ya kula na kusalimia watu. Hiyo kazi ingine nitafanya na ya kushoto."

Muuguzi alicheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Sisi tumelelewa hivyo tangu tukitambaa, mkono wa kushoto ndio wa msalani, na sisemi ni desturi mbaya. Lakini waliotuachia desturi hiyo hawakuwahi kuuona mfuko ule.

Nyumbani alijifungia chumbani akahangaika kwa mkono mmoja. Mfuko ukibanduliwa hivyo huvuta ngozi, na ukibandikwa hivyo huacha mkunjo, na penye mkunjo choo hupita. Ngozi ikachubuka, ikawa inamwasha mchana kutwa. Kunawa alinawa, ila mkono wa kushoto tu, tena akishamaliza. Kabla hakunawa, ati hajashika kitu bado. Kanzu ikilowa, msikitini haendi. Mwisho akajitungia dawa yake: asipokula, mfuko haujai. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Mama alikuwa ametutangulia, mimi ndiye niliyempikia, na nilikiona kifo kikimjia nikaogopa sana. Nilimsihi, nikamgombeza hata, jambo lisilompasa binti, naye akajigeuzia ukutani.

Ndipo nikapeleka habari Korbesa kwa nyanya, mama yake. Alikuja na lori la mbuzi, vumbi mpaka kwenye kope, akaingia wakati uleule babangu anasukuma sinia. Chai hakuitaka. Aliuliza mwanawe ana nini, nami nikasema yote mbele ya babangu mwenyewe, kwa kuwa aibu ile ilikuwa inatumalizia mtu.

Nyanya alisema Kiborana, nami nakupa kwa Kiswahili.

"Guyo, ukienda kukama, unanawa kabla au baada?"

"Kabla, mama."

"Kwa nini, na hujashika kitu?"

Nyanya akajijibu mwenyewe.

"Ili usimtie ng'ombe uchafu kwenye chuchu. Sasa hilo tumbo lako halina thamani ya ng'ombe?" Akasogea, akaketi karibu naye. "Ulipokuwa mchanga nilikufuta kwa mikono hii yote miwili. Mkono mmoja haulei mwana. Halafu nikanawa, nikakulisha kwa huu wa kulia. Nilikulisha najisi?"

Babangu alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama.

Nikaleta birika na sabuni. Nilimmiminia maji naye akasugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, mpaka chini ya kucha. Akaingia chumbani, akabadilisha mfuko kwa mikono miwili, akatoka na kunawa tena vilevile. Nyanya alikuwa amekaa mbele ya sinia akimsubiri.

"Sasa nilishe," akamwambia.

Babangu alisita. Kisha akamega tonge kwa mkono wa kulia na kulitia kinywani mwa mama yake. Nyanya akatafuna bila haraka, akameza, akamsogezea sinia. Wakala pamoja mpaka likabaki tupu, na mimi nikaenda jikoni nikalia peke yangu.

Kwa hivyo nisikilize, mwanangu. Punguza kucha. Nawa kwa sabuni kabla ya kugusa mfuko, kwa ajili ya mgonjwa, na unawe tena baadaye kwa ajili yako na wote mtakaokula pamoja, hata kama ulivaa glavu. Jikaushe kwa kitambaa safi. Tumia mikono yote miwili, na ngozi yake uioshe kwa maji ya vuguvugu na kuikausha vizuri kabla ya kubandika mfuko mpya. Ukiona ngozi imechubuka usinyamaze, mrudishe kwa muuguzi. Na ukishanawa, mikono yako ni safi, usimwache mgonjwa akadhani vingine. Kula naye kwenye sinia moja.

Mungu aibariki hiyo mikono yako, wa kulia na wa kushoto. Akujalie maji yasikauke nyumbani kwako, na siku utakapougua wewe, asikosekane wa kukwambia, nilishe.