Vifungo Vinne na Pasi ya Mkaa

Nakusanya vifungo vya zamani vya plastiki angavu, na nakiri kwamba mazoea haya yameniharibia adabu: nikikutana na mtu, hutazama kwanza kifua cha koti lake, kisha uso.

Siku moja ya mnada hapa Karatu nilimkuta muuza mitumba, mama mwenye asili ya Moshi anayejua kwamba mimi ni mwalimu, akinyoosha nguo kwa pasi ya mkaa kabla ya kuzitundika. Mezani pake palikuwa na koti la kijivu lenye vifungo vinne vya aina niliyoitafuta kwa miaka: vimetakata kama maji, na ndani ya kila kimoja ua dogo. Pasi ilikuwa imekwisha kupita kola, inateremka.

"Mama, tafadhali, usiviguse vifungo hivyo!"

"Hata salamu hakuna, mwalimu?"

Ningesema tu kwamba nalinunua koti, mambo yangekwisha. Badala yake nilimsalimu, kisha nikaanza kueleza. Hiyo ni akriliki, plastiki inayopenya nuru kama kioo, nilisema. Huanza kama kimiminika kisicho na rangi, kitokanacho na mafuta ya petroli. Humiminwa kati ya vioo viwili na kupashwa moto taratibu mno, kwani kikiharakishwa hujaa mapovu. Bamba likishaganda hukatwa vifungo, na fundi huchonga ua kwa upande wa nyuma, ndiyo maana huonekana kana kwamba linaelea ndani.

"Kwa nyuma?" Aliinama, pasi ingali mkononi. "Mimi nikadhani ua wamelitumbukiza humo!"

"La, mama. Ni shimo tu. Ua lenyewe ni hewa."

"Kumbe nauza hewa!"

Alicheka hadi akaegemea meza, na pasi ikatua juu ya kifungo cha chini. Ikapanda harufu tamu kidogo, mfano wa tunda lililoiva kupita kiasi. Harufu hiyo ya akriliki inayoungua nilikuwa nimeisoma vitabuni tu. Sasa shaka yoyote kuhusu malighafi ilikuwa imeondoka, pamoja na kifungo.

"Si ungesema mapema kwamba unakitaka?"

"Nilikuwa nakaribia kusema."

"Wapi! Ulikuwa bado uko kiwandani."

Nilimwomba anikatie vitatu vilivyosalia. Akakataa katakata: koti lisilo na vifungo angemuuzia nani? Nikalinunua zima, la kike, mikono yake ikiniishia karibu na kiwiko.

Alilikunja vizuri, akanikabidhi. Kisha akaiweka pasi chini, mbali na nguo zote, akaketi.

"Haya, mwalimu, endelea. Huyo fundi analichongaje hilo ua?"