Mzee Aliyeigonga Liemba

Mwenye kutaka kucheka acheke sasa amalize, kwa sababu haya niliyaona kwa macho yangu, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, na nilikuwa mpishi ndani ya Liemba mwaka ule Warundi walipokimbilia Kagunga. Unaijua Liemba? Ilikuwa manowari ya mvuke. Wajerumani waliileta Kigoma vipande vipande masandukuni, lakini waliopiga nyundo ni babu zetu. Vita vilipowaelemea, wakaipaka mitambo grisi isishike kutu, wakaizamisha meli wenyewe. Waingereza wakaiibua, ikaamka, ikafanya kazi. Nionyeshe manowari nyingine iliyofufuka ikaja kubeba wakimbizi.

Kagunga hakuna gati. Meli hutia nanga majini, watu huletwa kwa mitumbwi. Siku hiyo mitumbwi yote ilikuja ubavu mmoja, na kila aliyekwisha kupanda alibaki palepale ukingoni kumpokea mama, mtoto, godoro. Nani angemwacha mwanawe mtumbwini? Meli ikaanza kulala. Sufuria langu la uji likateleza hadi ukutani. Mabaharia walipiga kelele kwa Kiswahili, hawakusikilizwa. Nilitoka nje nikijua tunazama na watoto wote wale.

Ndipo nikasikia nyundo. Ubavu wa pili, uliokuwa mtupu, alisimama mzee aliyejifunga kaniki, mikono ina makovu ya moto hadi viwikoni, anagonga chuma cha meli. Akaita kwa Kiha, ambacho Mrundi hukisikia kama chake, taratibu tu, "Muze hano." Njooni huku. Niamini, wale watu waligeuka kama walioitwa na baba yao, wakamwendea. Meli ikanyanyuka, ikakaa sawa.

Nikampelekea uji, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Usiogope. Hii tuliigonga sisi. Ilishazama mara moja, inatosha."

Nikainama kuweka kikombe. Kuinua kichwa, hayupo, na nyuma yake lilikuwa ziwa tu. Angepita wapi? Nikashika pale alipokuwa akigonga. Chuma kilikuwa cha moto, kikaniunguza kiganja.

Kovu ninalo mpaka leo. Nilipomwonyesha bibi yangu alilia kwanza, kisha akasema baba yake alikuwa fundi wa ribiti pale Kigoma, akigonga misumari ya moto ya kuungia vyuma vya meli, na mikono yake ilikuwa hivyohivyo hadi viwikoni.

Basi nawe ukipanda meli ziwani kwetu, ukasikia nyundo ubavu usio na watu, usiulize nani anagonga. Nenda huko upesi. Na usije ukasema mbele yangu kwamba meli ile ni ya Wajerumani.