Dhamana ya Kisanduku

Kila Jumatatu Timiro, karani wa ofisi ya mifugo ya Haji Guleid mjini Garissa, humwona fundi wa kompyuta akipuliza vumbi kwenye diski yake ya flopi kama anayepoza chai, kisha akiipapasa kwa kidole gumba kabla ya kuichomeka. Ina programu ya bure ya kuzuia wavamizi wa intaneti wasiingie kwenye kompyuta tatu za ofisi. Alipoileta mara ya kwanza, mwaka 1998, Haji aliuliza swali analouliza sokoni kabla ya kununua ngamia: "Hii ya bure, dhamana yake nani?"

"Mimi, Haji," fundi akajibu kwa ile sauti yake ya chini.

Haji akacheka, akaagiza kutoka Nairobi kisanduku cha bei kali cha kuzuia wavamizi hao hao. Mwaka ukapita, leseni ikaisha, muuzaji akawa hapokei simu. Ni Haji mwenyewe aliyemwita fundi aje na flopi yake. Kisanduku kimebaki rafuni na taa yake ya kijani, hakizuii hata nzi.

Leo wageni kutoka Habaswein wamekisifu. "Kina dhamana hiki," Haji akawaambia. "Mimi vitu vya bure sitaki."

Timiro akamtazama fundi, aliyekuwa amepiga magoti chini ya meza. Fundi akainuka. "Kweli, Haji," akasema, akakifuta kisanduku vumbi kwa kidole gumba kile kile.