Fundo la Leso

Juzi, kando ya soko moja la Kisumu, nilimwona mwanamke amefunga ncha ya leso yake kwenye mkono wa bintiye asipotee. Harufu ya dagaa wa omena ilikuwa imejaa hewani, na mchana mmoja wa utotoni ukanirudia.

Tulikuwa tumetoka Bondo kumpeleka mdogo wangu kwa daktari wa macho. Yeye alilala mgongoni kwa mama, mimi nikafungwa kwa leso. Mama aliniita Mama, kwa kuwa nilipewa jina la marehemu mama yake.

"Mama, hapo wameandika nini?" aliniuliza katika kila mlango.

"Kinyozi."

"Na hapo?"

"Duka la viatu."

Nilidhani ananipima, kama mwalimu wetu. Nikaamua na mimi nimpime. Tulipofika kwenye mlango wa bluu nikasoma, "Daktari wa Macho," nikangoja anisahihishe.

Mama akaingia. Ndani cherehani zilikuwa zikilia kama mvua ya mbali, na vumbi la vitambaa likielea polepole kwenye jua. Akaketi kwenye benchi, akamshusha mtoto mapajani.

"Mama, unashonesha nini?" fundi mmoja akauliza.

"Tunangoja daktari."

Mafundi wakacheka. Mama hakunigombeza. Tulipotoka nje alichuchumaa, akalikaza lile fundo mkononi mwangu.

"Tafadhali, Mama," akaninong'oneza, "soma vizuri."

Miaka mingi nilidhani alinifunga ili nisipotee mimi.