Nilitafsiri Uongo, Ihsan Akafutwa Kazi

Nilikosa, na sitaki mtu anitafutie kisingizio. Nilimharibia kazi mwanamke ambaye hakuwa amenikosea kitu. Lakini sikuandikii hapa ndio unionee huruma. Huku kwetu nimetukanwa ya kutosha, tena si kwa kosa lenyewe. Natukanwa kwa sababu nililisema.

Mimi ni Mnubi wa mtaa wa Makina, hapa Nairobi; mababu zetu walitoka Sudan zamani. Nyumbani tunaongea Kinubi, na Kinubi ni mtoto wa Kiarabu. Kwa hivyo Wasudani walipoanza kufika Nairobi wakikimbia vita, tulikuwa tunaelewana, ingawa walinicheka vile natamka. Nilikuwa nashona sare za shule kwa karakana moja huko Riruta Satellite. Bosi wetu, wacha nimuite Madam, aliajiri kina mama wa Sudan waliokuwa wamepanga Kawangware. Yeye hakujua Kiarabu, wao hawakujua Kiswahili. Nikawa mdomo wa kila mtu.

Kati yao kulikuwa na Ihsan. Huko kwao Omdurman alikuwa na duka lake la kushona hadi siku lilipochomwa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na cherehani ilimtii. Sikumchukia. Nilimuogopa.

Maana mimi hiyo karakana niliingia nikiwa wa kufagia vipande vya kitambaa. Nilijifunza kushona kwa kuiba na macho. Miaka yote nilikuwa nangoja Madam aniambie, "Sasa wewe ndio msimamizi." Halafu siku alipotaka msimamizi, akanipita na macho, akamuangalia mgeni.

"Muulize kama anaweza kunisimamia hawa wengine," Madam akaniambia.

Nikamuuliza vizuri, neno kwa neno. Ihsan akaacha mkasi kwa meza, akajibu, "Mwambie niko tayari. Sina pengine pa kwenda, hapa ndio kwetu sasa. Wasiojua nitawafundisha."

Nikamgeukia Madam. "Anasema anashukuru, lakini yeye hapa anapita tu. Anangoja karatasi za kwenda ng'ambo. Hataki kukuahidi halafu akuache kwa mataa."

Ilitoka laini hivyo, hata sikumeza mate.

"Si vibaya, heri amesema mapema," Madam akasema, akatabasamu. Ihsan alipoona tabasamu akatabasamu pia, akidhani ameeleweka. Kabla ya wiki kuisha, msimamizi nikawa mimi; Ihsan nilimwambia Madam amebadilisha nia.

Shule zilipofungwa oda zikapungua, na Madam akasema tupunguze watu. "Tuanze na huyo wa ng'ambo. Mwambie wewe."

Nilimwambia kazi imeisha. Akaniuliza, "Nimekosea wapi?" Nikasema hajakosea popote. Hilo tu ndilo lilikuwa kweli.

Sasa sikia. Siku moja napita karibu na soko la Kawangware, nikaona askari wa kanjo, wale wa jiji, wamezunguka mwanamke anayeuza chai kando ya barabara. Mmoja alikuwa ameshapindua jiko, makaa yako chini. Mwanamke alikuwa anapiga kelele kwa Kiarabu na watu wanacheka. Ni Ihsan. Akaniona.

"Waambie!" akanililia. "Waambie nitaondoka mwenyewe, waniachie vyombo vyangu!"

Nikawaambia vile alivyosema. Nikawaomba pia kwa maneno yangu, hadi mkubwa wao akachoka na mimi. Wakabeba jiko, wakamwachia birika na vikombe. Ihsan akanishika mikono yote miwili.

"Dada yangu, Mungu akulipe," akasema. "Najua hata kule kazini ulinitetea."

Angenipiga kofi ningeshukuru.

Kesho yake, mashine zikiwa zinalia, niliomba Madam azimishe stima. Nikasimama katikati nikasema nilichofanya, kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa Kiarabu ndio wale kina mama wasikie kutoka kwangu. Mmoja wao akaanza kulia. Madam hakupaza sauti.

"Yaani umenifanya mjinga ndani ya karakana yangu," akasema. "Nimekuwa nikiongea na watu wangu na kumbe naongea na wewe. Chukua vitu zako uende."

Nilitoka hapo nikaenda moja kwa moja hadi kwa Ihsan. Nilimwambia mlangoni, nimesimama. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Toka." Kwa Kiswahili. Ndilo neno la kwanza la Kiswahili nililowahi kumsikia akitamka, na nililielewa vizuri.

Alirudishwa kazini, na leo ndiye msimamizi. Tukipatana njiani anavuka upande wa pili. Ni haki yake, simdai msamaha.

Nisichokubali ni haya ya Makina. Kaka yangu alinikalisha chini, uso umemkunjamana. "Si ungetubu kwa Mungu, unyamaze? Sasa tutakula nini?"

"Mungu hahitaji mkalimani," nikamjibu. "Niliowadanganya ni watu."

"Hawa wamekuja juzi! Sisi tuko hapa tangu babu wa babu, na bado tukienda kutafuta kitambulisho tunaulizwa kwetu ni wapi."

"Basi mimi, kuliko wote, nilipaswa kujua vile inauma."

Hadi leo salamu yake ni ya kulazimishwa. Majirani wananiita msaliti, eti nimewapa wageni kiti chetu. Hakikuwa chetu. Sasa nabadilisha zipu na kukunja suruali hapa mlangoni kwa cherehani ya kuazima. Hakuna anayenipa kazi ya kutafsiri tena, na mimi pia nisingejipa.

Nawe unayesemea watu, uwe kwa ofisi, hospitali au chumba cha kushonea, nisikie. Mtu akikuachia maneno yake, yafikishe vile yalivyo, hata kama yatakunyima unachotaka. Na kama umeshayapindisha, rudi uyanyooshe mbele ya walewale uliowadanganya. Usingoje wakugundue. Watakufukuza, na watu wako watakununia. Wacha wakufukuze. Wacha wanune.