Kadi ya Kambi Ilikataa, Eti Naishi Jirani

Mwanamke wa getini aliniambia siwezi kuingia kambini kwa sababu nyumbani kwangu ni karibu mno.

Nikacheka. Nilicheka kweli, mpaka kofia ikadondoka.

Mimi sina nyumba. Huu ni mwaka wa sita sina nyumba. Naishi kwenye nyumba ya matairi, basi la futi thelathini na nane lenye kitanda, jiko, choo na mke. Siku hiyo mke hakuwemo.

Naitwa Delmar Haugen. Nilikuwa fundi umeme Fargo, Dakota Kaskazini, miaka thelathini na mmoja. Nilipostaafu nikamwambia mke wangu Corliss, tunauza nyumba, tunanunua basi, tunazunguka Marekani mpaka tuchoke. Theluji tuwaachie wanaoipenda.

Siku ya kukabidhi funguo Corliss alikaa kwenye ngazi za mbele akalia. Mimi nikamwambia mnunuzi, "Usijali, hayo ni machozi ya furaha."

Basi, tukaondoka.

Sasa kwa wasiojua maisha haya. Ukilala kila siku kwenye kambi za kuegesha mabasi haya kwa bei ya kawaida, pensheni inaisha kabla ya mwezi. Ndiyo maana watu wananunua kadi ya uanachama. Unalipia mwaka, halafu unalala kwenye kambi zao bila kulipa kila siku.

Ila kuna sharti. Siku kumi na nne ndani, siku saba nje. Hizo saba utajua mwenyewe pa kulala.

Za kwangu nilizimalizia jangwani Quartzsite, Arizona, pamoja na wazee wenzangu wabahili. Pale kulala ni bure. Hakuna bomba la maji, hakuna umeme, vumbi linaingia mpaka kwenye mswaki.

Corliss alikaa mara moja tu. Siku ya tatu akaniambia, "Delmar, mimi siwezi. Wewe piga vumbi lako, mimi naenda kwa Ardis nikaoge kama binadamu."

Ardis ni dada yake. Nilijua anaishi Prescott, milimani huko. Corliss akachukua kale kagari kadogo tunakokavuta nyuma ya basi, akaenda. Siku saba zikiisha, tunakutana kambini.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Na mimi niliipenda, nisiwe mnafiki. Mke hayupo, maji kwenye tangi yanadumu. Nilikuwa naringia hilo mbele ya watu.

Kambini walinipachika jina, Profesa. Mgeni akifika na basi jipya, wanamwambia, "Nenda kwa Profesa akufundishe mambo ya kadi." Namkalisha kitini, nammwagia hesabu mpaka kahawa inapoa. Mtandaoni nimetukanana na watu wa Texas nisiowajua, wao wanasema kadi ni wizi, mimi nasema ninyi ndio hamjui kuitumia.

Miaka mitatu iliyopita nikaamua tupande daraja la juu. Dola elfu tisa. Nilimwandikia Corliss hundi, kwa sababu makaratasi yote ni yeye. Mimi nikiona fomu macho yanaingia ukungu.

Alirudi kutoka ofisini kwao akaniambia, "Tayari. Ila hata daraja la juu, siku saba za nje ziko palepale."

"Wezi hawa!" nikasema.

"Ndiyo hivyo," akasema Corliss, akaendelea kumenya viazi.

Turudi getini. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa pili. Nimetoka jangwani, nanuka, nataka bomba la maji. Kambi yenyewe ndiyo tunayolala kila msimu wa baridi tangu tuanze. Mwanamke wa getini anaitwa Jolynn, naye msafiri kama sisi, anafanya kazi pale ili alale bure.

"Profesa, kompyuta imegoma," akasema. "Inasema mwanachama anaishi chini ya maili mia kutoka hapa. Unajua sheria, kadi haitumiki karibu na nyumbani kwako."

"Nyumbani kwangu ni Sioux Falls," nikasema. "Kama wewe. Kama sisi sote."

Wasafiri wengi tuko hivyo. Huna nyumba, lakini leseni inataka anwani, kodi inataka anwani. Kwa hiyo unakodi sanduku la barua Sioux Falls, Dakota Kusini, unalala hoteli usiku mmoja, unabaki na risiti, na serikali inakuhesabu mkazi. Sanduku langu lina ukubwa wa mkate, na ndimo "ninamoishi".

Jolynn akatikisa kichwa. "Anwani ilibadilishwa mwezi wa kumi, kwenye fomu ya kulipia mwaka mpya. Mwaka huo umeanza wiki hii, ndipo kompyuta ikaisoma. Ni nyumba namba 412, Mtaa wa Juniper, Wickenburg. Ni kama maili hamsini hivi."

Damu ikapanda. Tumeibiwa. Kuna mshenzi amechukua majina yetu anajifanya sisi.

"Na mimi ni daraja la juu!" nikafoka. "Mnashindwaje kumlinda mtu wa daraja la juu?"

Jolynn akanitazama kwa ile sura ya mtu anayetaka kukuonea huruma lakini anaogopa utamng'ata.

"Profesa, wewe uko daraja la chini. Hujawahi kupanda."

"Acha masihara."

"Ungekuwa juu, usingekuwa unatoka hizo siku saba. Daraja la juu wanahama kambi kwa kambi moja kwa moja. Mimi nilidhani unapenda jangwa."

Jamani. Miaka mitatu. Vumbi lote lile.

Nikajipa jibu haraka: hundi nayo imeliwa na mwizi huyohuyo. Nikampigia Corliss, hakupokea. Nikasema leo ndiyo leo, naenda kumtoa mtu meno kwenye huo Mtaa wa Juniper.

Usiulize niliendeshaje. Wickenburg ni mji mdogo, na Juniper ni mtaa wa nyumba fupi fupi na miti michanga. Nikaingiza futi thelathini na nane mle ndani, nikavunja tawi la mtu, nikasimama katikati ya barabara mbele ya 412.

Nyumba ndogo, ya njano. Barazani kuna viti viwili.

Na pembeni kameegeshwa kale kagari ketu.

Nikakaa kwenye usukani sijui dakika ngapi. Akili ya mwanamume mwenye wivu haina breki, nikawaza dume moja lenye nywele zote, limekaa humo ndani, linanywa bia kwa hela yangu. Nikashuka na rungu ninalogongea matairi kupima upepo.

Mlango ukafunguliwa na Ardis.

Ana kikombe mkononi. Aliliangalia rungu, akaliangalia basi, akaguna.

"Umechelewa, shemeji," akasema. "Mimi nilidhani ungegundua mwaka wa kwanza."

"Yuko wapi huyo mwanamume?"

"Mwanamume gani? Weka hicho kigongo chini kabla hujajiumiza."

Nikampita. Sebule ina zulia. Dirishani maua. Kwenye kona kuna cherehani ya Corliss, cherehani ambayo mimi kwa macho yangu niliiona ikiuzwa siku tulipouza vitu vyetu Fargo. Kumbe aliyeinunua alitumwa na Ardis.

Corliss akatoka jikoni, unga mikononi, miguuni ndara. Hakushtuka. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, hakushtuka hata kidogo.

"Wamekukatalia getini," akasema.

"Nyumba ya nani hii?"

"Yangu."

"Yako! Na mimi nalala jangwani na mbwa mwitu!"

"Wewe ulisema unapenda."

"Hela umetoa wapi?"

"Urithi wa mama. Na elfu tisa zako, hizo nikudanganye nini, nilizichukua. Nitakurudishia."

"Sitaki kurudishiwa! Nataka kujua mke wangu amekuwa mwizi tangu lini!"

Ardis akaingilia, "Delmar, punguza sauti, hapa kuna majirani."

"Wewe nyamaza! Eti Prescott!"

"Nilihama Prescott kumfuata dada yangu," akasema Ardis. "Alikuwa analia kwenye simu kila siku. Wewe ulikuwa nje unafundisha watu kuhusu kadi."

Nikaona aibu, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi. Miaka mitatu mwanamke huyu ananibusu shavuni jangwani, ananiambia "kunywa maji ya kutosha," halafu anaendesha gari kwenda kulala kwenye kitanda chake, kwenye nyumba yake, ananiacha mimi nahesabu maji kwa kikombe. Na kila akirudi namuuliza, "Ardis hajambo?" Ananijibu hajambo.

Nikamwambia, "Ungeniambia tu, Corliss. Ungefungua mdomo ukaniambia."

Akakaa kitini. Akajifuta unga kwenye magoti.

"Nilikuambia tukiwa Billings, bomba lilipoganda, kwamba nataka nyumba. Nilikuambia Moab, siku ya kuzaliwa kwangu. Nilikuambia Yuma hospitalini, nikiwa na dripu. Kila mara ulinijibu nini?"

Nilikumbuka. Nilimwambia atazoea. Na lile la Yuma nililigeuza kichekesho, nikawa nasimulia watu kambini, "Mke wangu hata kwenye dripu analilia bustani."

"Sasa kwa nini uliandika anwani hii kwenye fomu?" nikauliza. "Ungeweza kunidanganya mpaka nife. Mimi sisomi fomu."

"Fomu iliuliza ninaishi wapi," akasema. "Kalamu ilikuwa mkononi. Nikachoka kuandika sanduku la barua. Nilijua kuna siku geti litakataa. Tangu mwezi wa kumi nakusubiri."

Nje honi zikaanza. Basi langu limeziba mtaa mzima, mwenye tawi amekuja, mama mwingine anataka kutoa gari aende kazini. Mtu anapiga kelele, "Hili dude ni la nani?"

Corliss akaniuliza, "Unabaki, Delmar? Kuna kiwanja nyuma ya duka la mbao, basi tutaliweka huko. Chumba kipo."

Nilitaka kusema ndiyo. Nawaambia ukweli, miguu ilikuwa imeshalizoea lile zulia.

Lakini nikawaza, chumba kipo tangu lini? Kilikuwepo miaka mitatu yote, na mimi nje.

Nikasema, "Siwezi kulala kwenye uongo wako."

Nikatoka. Nikarudisha basi nyuma mtaa mzima, Ardis ananielekeza kwa mikono, mimi natokwa machozi kama mtoto. Corliss alisimama barazani na zile ndara zake, hakuniita.

Nikaegesha uwanja wa duka kubwa, nje ya mji. Nikampigia binti yetu mkubwa, Kirsten, yuko Minneapolis. Nilihitaji mtu wa upande wangu. Kirsten siku zote ni mtoto wa baba.

"Mwanangu, kaa chini," nikamwambia. "Mama yako amenisaliti. Ana nyumba ya siri."

Nikasikia anafunga mlango.

"Kirsten? Umesikia? Nyumba! Ya njano!"

"Najua, baba," akasema kwa sauti ndogo. "Rangi ya jikoni niliipaka mimi."



"Ulikuja lini Arizona?"

"Krismasi. Zote tatu. Mimi na mdogo wangu Britt, na watoto."

Krismasi zote tatu mimi nilikuwa Quartzsite. Corliss aliniambia kalenda imekaa vibaya, siku saba zimeangukia sikukuu, tufanyeje. Na wasichana eti wana kazi nyingi, hawawezi kusafiri mwaka huu. Nikala bata mzinga wa kopo na mzee mmoja wa Oregon asiyesikia vizuri, nikawahurumia wanangu kwa kazi nyingi.

"Mlikuwa mnakula wote hapo," nikasema. "Maili mia kutoka kwangu."

"Baba, wewe ulitualika mara moja. Ukasema watoto watalala chini ya meza, halafu ukatupangia zamu za choo ili tangi lisijae. Mama alitaka tukae. Nilimwambia akuambie. Britt akasema ukijua, utaiuza."

"Mimi niuze nyumba ya mama yenu?"

"Baba," akasema Kirsten, "ile ya kwanza si uliiuza."

Nikakata simu.

Sasa ni wiki ya tatu. Ujumbe unaingia kila siku, Profesa mbona kimya, Profesa tupe hesabu, je, kadi inaokoa hela kwa mtu anayeishi barabarani mwaka mzima?

Jibu ni ndiyo, inaokoa. Sibadilishi neno. Ukiitumia vizuri, inajilipa kabla mwaka haujaisha.

Lakini wewe unayeniuliza, najua mna kadi yenye majina mawili, na hesabu unapiga peke yako. Leo zima kompyuta. Muulize mwenzio kama anayataka haya maisha. Akikujibu hataki, usimwambie atazoea, maana atanyamaza, na wewe utadhani amezoea kweli. Siku ukija kujua alikuwa wapi, utakuta hata wanao walikuwa huko.

Kadi yangu nimeivunja vipande viwili. Basi lina bango la kuuzwa dirishani, bado hajatokea mtu.

Jana Corliss alipiga simu. Aliniuliza nimekula nini, nikamwambia maharage, akasema kuna mkate wa kitunguu. Nikamwambia sina njaa.

Sijamsamehe. Na yeye hajaniomba msamaha.